Jinsi ya Kunakili kwa Rangi za Mafuta Picha ya Princesse de Broglie Iliyochorwa na Ingres

Mwongozo huu umeandikwa kwa mchoraji ambaye tayari anajua kushika brashi na kuchanganya rangi, lakini bado anajiuliza mabingwa wa uklasiki mamboleo, mtindo uliofufua sanaa ya kale ya Wagiriki na Warumi, walifanyaje hata wakachora ngozi na hariri bila kuacha alama ya brashi inayoonekana. Jibu hulipati kwa kusoma peke yake, sharti ukae na kazi moja na kuinakili kutoka kanvasi tupu hadi vanishi. Kazi niliyoichagua ni picha ya Pauline de Broglie, bibi wa ukoo wa kimwinyi wa Ufaransa, ambayo Jean-Auguste-Dominique Ingres aliichora kati ya mwaka 1851 na 1853. Ingres, aliyezaliwa Montauban mwaka 1780 na kufundishwa uchoraji na Jacques-Louis David, alikuwa amepita umri wa miaka 70 wakati huo, na hii ni miongoni mwa picha zake za mwisho za watu. Tangu mwaka 1975 imo katika Metropolitan Museum of Art, New York, ndani ya mkusanyiko wa Robert Lehman, na jumba hilo linamruhusu mtu yeyote kupakua sura yake ya kidijitali bila malipo. Pakua ile kubwa kuliko zote, ichapishe kwenye karatasi nzuri, na ubaki nayo pia kwenye skrini ili uweze kuikuza unapotaka kuona lulu moja au ukucha mmoja.

Tenga miezi miwili hadi mitatu. Muda mwingi kati ya huo ni wa kungoja rangi ikauke, kwa hiyo usiogope, lakini usianze kama unataka kuitundika picha ukutani wiki ijayo.

Kuitazama kwanza

Keti mbele ya picha kwa nusu saa bila kushika chochote. Bibi amesimama, mwili umegeuka kidogo, mikono imepishana juu ya kiti kilichovikwa kitambaa cha damaski ya manjano ya dhahabu. Gauni lake la dansi ni la satini ya buluu hafifu, lenye lesi na utepe, na kitini ameweka vitu vya mtu aliye tayari kutoka jioni: shali iliyotariziwa kwa dhahabu, glavu, kipepeo cha kujipepea. Nywele zimegawanywa katikati na kulazwa zikabana kichwani, na pembeni yake kuna manyoya laini ya marabu. Ukuta wa nyuma ni wa kijivu chenye buluu, mtupu, isipokuwa nembo ya ukoo huko juu.

Hesabu rangi zilizopo. Utagundua kwamba kwa kweli ni mbili tu, buluu ya gauni na manjano ya kiti, na kwamba vingine vyote, pamoja na ngozi, vinaishi katikati ya rangi hizo mbili kwa kuwa vimepozwa na kijivu. Tazama pia mwanga. Haukutoka upande mmoja kwa ukali kama katika picha za karne ya 17, bali umemwangukia bibi karibu kutoka mbele, kiasi kwamba kivuli cha shavuni ni hafifu mno. Ukilikumbuka jambo hili moja utakapofika kwenye uso, utakuwa umejiepusha na kosa linaloharibu nakala nyingi kuliko lingine lolote.

Vifaa

Kanvasi ya sentimita 60 kwa 45 inafaa, maana picha ya asili ina urefu wa sentimita 121.3 na upana wa 90.8, na uwiano wa vipimo hivyo viwili unatofautiana na wa kanvasi yako kwa kiasi cha milimita moja tu. Chagua kitambaa cha kitani chenye ufumaji mwembamba. Ukipata cha pamba tu, si vibaya, mradi ukipake geso, yaani rangi nyeupe ya kuandalia kanvasi, mara nne au tano, na kila baada ya kukauka ukisugue kwa msasa laini mpaka kiganja chako kisisikie tena nyuzi. Kwa sisi wa pwani, ambako masika hulegeza kanvasi na kuotesha kuvu mgongoni mwake, ningependekeza hata ubao wa plaiwudi uliopakwa geso pande zote mbili. Ukishikilia kanvasi, hakikisha fremu yake ya mbao ina kabari kwenye pembe, ili uweze kuikaza tena hewa ikibadilika.

Rangi hazizidi tisa: nyeupe ya titani, manjano ya oka, zingefuri au nyekundu ya kadimiamu badala yake, alizarini, siena iliyochomwa, amba mbichi, buluu ya kobalti, buluu ya Prashia na nyeusi ya pembe. Wachoraji wa zama za Ingres walitumia nyeupe ya risasi, ambayo ni sumu. Nyeupe ya titani ina nguvu zaidi na baridi zaidi, kwa hiyo itumie kidogo kidogo na uipashe joto kwa chembe ya oka. Ongeza mafuta ya kitani, tapentaini, brashi mbili ngumu za kuanzia, brashi nne laini za manyoya, na moja pana, kavu, ambayo haitaguswa na rangi isipokuwa kwa kulainisha.

Kuhusu dirisha, vitabu vya Ulaya humwambia mchoraji aketi kwenye mwanga wa kaskazini, kwa sababu huko jua halipiti upande huo. Dar es Salaam, kuanzia Machi hadi mwanzoni mwa Oktoba, jua la adhuhuri liko kaskazini hasa, kwa hiyo dirisha la kusini ndilo linalotoa mwanga uliotulia kwa sehemu kubwa ya mwaka. Miezi iliyobaki tundika pazia jeupe jepesi.

Mchoro

Hapa ndipo picha inapofanyika au kuharibika. Ingres alisema kwamba mchoro ndio uaminifu wa sanaa, na si maneno ya kupamba, kwani picha hii ukiivua rangi zote bado inasimama, ilhali ukiivua mistari yake hubaki na doa la buluu. Miongoni mwa michoro yake ya maandalizi upo mmoja unaoonyesha mwanamke aliye uchi katika mkao uleule, bila shaka modeli wa kukodiwa, kwa kuwa mzee huyo alitaka kujua kiwiliwili kinasimamaje kabla ya kukifunika kwa mita kadhaa za satini.

Usichore moja kwa moja kwenye kanvasi. Chukua karatasi ya ukubwa uleule, igawe kwa mistari ya penseli katika miraba ya sentimita 5, yaani 12 kwenda juu na 9 kwa upana, kisha uigawe picha uliyoichapisha kwa idadi hiyohiyo. Anza na miraba yenye mipaka mikubwa: ukingo wa nje wa nywele, mteremko wa mabega, pembetatu inayofanywa na mikono miwili, mgongo wa kiti. Macho na mdomo viache hadi mwisho wa siku ya pili. Mtu akianza na macho huyapenda, na akishayapenda hatakubali kuyasogeza hata akigundua kwamba kichwa kizima kimekwenda upande.

Sasa utakutana na jambo la kushangaza. Mabega ya bibi huyu yanateremka kupita ya binadamu wa kawaida, shingo ni ndefu, na vidole vinalala kitini kana kwamba havina vifundo. Mkono wako, kama umewahi kujifunza umbile la mwili, utataka kurekebisha. Uzuie. Ingres alijua mifupa ilipo na akaamua kuipuuza kwa ajili ya mstari mmoja mrefu unaoanzia nyuma ya sikio, ukashuka begani, ukazunguka kiwiko na kuishia kwenye ncha za vidole. Ukimpa mifupa sahihi utakuwa na mwanamke wa kawaida aliyevaa vizuri, na picha itakuwa imekuponyoka. Pima kila pembe kwa uzi wenye kizito ulioning'inizwa mbele ya picha, ufuate kile unachokiona na si kile unachokijua.

Wala usidhani kwamba mwenyewe alipata kila kitu kwa mara ya kwanza. Kwenye picha ya asili, pande zote mbili za kichwa, karibu na usawa wa masikio, kuna mikanda ya manjano inayochungulia chini ya rangi ya ukuta, dalili kwamba hapo palikuwa na pambo la dhahabu ambalo baadaye alilifunika. Kingo za nywele na za kiti nazo zilisogezwa. Nasema hivi ili ukifuta mara ya sita usikate tamaa.

Mchoro ukikamilika, utazame kwenye kioo. Picha iliyogeuzwa hufichua jicho lililopanda na taya iliyonenepa kuliko rafiki yeyote atakavyothubutu kukuambia. Kisha pindua karatasi, paka mkaa laini mgongoni mwake, ibandike juu ya kanvasi na upitishe penseli ngumu juu ya mistari yote. Ukiiondoa utaona mchoro hafifu, ambao utaupitia kwa brashi nyembamba yenye amba mbichi iliyoyeyushwa kwa tapentaini. Acha siku mbili, halafu ufute mkaa uliobaki kwa kitambaa kikavu.

Picha ya kijivu

Kabla ya rangi yoyote, chora picha yote kwa kijivu. Changanya nyeupe, nyeusi na amba mbichi katika ngazi tano kuanzia karibu nyeupe hadi kijivu cha wastani, usifike kwenye cheusi kabisa. Amba hukauka upesi ilhali nyeusi ya pembe huchelewa, kwa hiyo amba iwe nyingi kuliko nyeusi. Tumia tapentaini bila mafuta ya ziada, kwa sababu kila tabaka linalofuata linapaswa kuwa na mafuta zaidi kuliko lililo chini yake. Ukikiuka mpangilio huo, tabaka la juu hukauka kwanza na miezi michache baadaye hupasuka kama tope la bwawa lililokauka.

Uso ufanye kwa ngazi mbili na nusu tu. Fumba macho nusu, uangalie picha ya asili: upande wa kivuli wa uso karibu unamezwa na upande wa mwanga. Kama upande wako wa kivuli bado unaonekana wazi macho yakiwa nusu, umeutia giza kupita kiasi. Usipapase rangi huku na huko ukitafuta ulaini. Weka kipande cha kila ngazi mahali pake, vigusane, kisha kwa brashi pana kavu pitisha mara moja tu juu ya mpaka wao na uipanguse brashi kwenye kitambaa kabla ya mpaka unaofuata. Ulaini wa Ingres unatokana na ngazi zilizokaribiana, na kusugua sana hutoa ngozi ya mshumaa.

Acha tabaka hili wiki moja hadi mbili. Bonyeza kidole kwenye pembe isiyo na umuhimu. Kama kinanata, ngoja. Mwaka mmoja nilikosa subira, nikapaka buluu juu ya kijivu kilichoonekana kikavu kumbe kilikuwa na ngozi ya juu tu, na brashi ikakikomba chote hadi kwenye geso, na mkono wa bibi nao. Nilianza upya.

Ngozi

Paka kwanza utando mwembamba sana wa mafuta ya kitani juu ya eneo utakalofanyia kazi siku hiyo, kisha uupanguse karibu wote, ili rangi mpya iteleze na sehemu zilizofifia zirudishe kina chake. Changanya nyeupe, oka na chembe ya zingefuri kwa mwanga. Kwa kivuli ongeza amba na nyeusi kidogo, ambayo ikikutana na oka hutoa kijivu chenye ukijani unaofanana kabisa na ule ulio pembeni mwa taya. Weka rangi nyembamba kiasi kwamba kijivu cha chini kinaendelea kufanya kazi. Zingefuri iongezwe kidogo mashavuni, masikioni na kwenye ncha za vidole. Midomoni tumia alizarini iliyopozwa kwa oka.

Ngozi itaonekana imepauka ukiwa bado hujapaka gauni. Usiiongezee wekundu. Buluu ikishazunguka kifua na mikono, ngozi ileile itapata joto bila kuguswa.

Satini

Sehemu hii ipe wiki mbili au tatu, kwani ndiyo inayowavuta watu kwenye picha hii na ndiyo inayowaumbua wanaoinakili. Satini haifanyi kama pamba. Kwenye pamba mwanga hupungua polepole kutoka mgongo wa kunjo hadi bonde lake, ilhali kwenye satini mwanga hukusanyika katika mstari mwembamba, na giza lake kuu mara nyingi hukaa jirani kabisa na mwanga huo badala ya kungoja bondeni. Zaidi ya hapo, bonde lenyewe halina giza tupu, kwa kuwa hupokea mwanga uliorudishwa kutoka kunjo la pili.

Tayarisha vilima vitano vya rangi kwenye paleti kabla ya kuanza, vingi vya kutosha kwa siku nzima. Cha kwanza ni nyeupe yenye tone la kobalti. Cha pili na cha tatu ni kobalti na nyeupe kwa viwango vinavyoshuka, pamoja na chembe ya nyeusi ili kuzima ukali, maana kobalti ikiachwa peke yake inapiga kelele na bibi huyu hapigi kelele. Cha nne kina buluu ya Prashia, amba na nyeupe kidogo. Prashia ina nguvu mno, kwa hiyo anza na kiasi cha punje ya mchele. Cha tano ni kilekile cha nne kilichopashwa joto kwa siena, kwa ajili ya mabonde yaliyo karibu na kiti.

Chagua kunjo moja kubwa la sketi, chini ya mikono, ulimalize lote kabla ya kwenda kwa jirani yake. Paka kilima cha tatu kwenye mwili wote wa kunjo. Rangi ikiwa bado mbichi, pitisha cha nne katika mstari mmoja thabiti kando ya mgongo wa kunjo, upande wa kivuli. Ingiza cha tano bondeni, na ukikipitisha kando ya kiti kichafue kwa oka kidogo, kwa sababu manjano ya damaski inajirudisha ndani ya buluu na ndiyo inayoviunganisha viwili hivyo visiwe kama vimekatwa kwenye magazeti mawili tofauti. Lainisha mipaka kwa brashi kavu, mara moja kila mpaka. Mwisho kabisa, chukua kilima cha kwanza kwenye ncha ya brashi, shusha pumzi, na uvute mwanga kwa mwendo mmoja bila kurudia. Ukikosea, ufute kwa kitambaa na uvute tena. Mstari wa mwanga uliorudiwa huonekana kama mshono.

Gauni likikauka, baada ya wiki moja au zaidi, unaweza kupitisha utando mwembamba wa kobalti iliyochanganywa na mafuta ya kitani na tapentaini kwa viwango sawa, kwenye sehemu za kivuli tu. Kivuli kitazama ndani na mwanga utajitokeza mbele.

Vito

Vitu vidogo huja mwisho, na havihitaji ustadi mwingi kuliko kujizuia. Mkufu una kidani cha dhahabu cha mviringo kinachoonekana kama bulla, hirizi waliyovaa watoto wa Roma ya kale. Hapo ndipo mambo ya kale yanapoingia kwenye picha ya mwanamke aliyevaa mitindo ya miaka ya 1850. Kwenye mkono mmoja kuna bangili ya lulu zilizosokotwa, na kwenye mwingine bangili ya dhahabu yenye almasi na enameli nyekundu.

Ikuze lulu moja kwenye skrini. Haina weupe unaoutarajia. Ni duara la kijivu kile kile cha ngozi iliyo chini yake, lenye giza kidogo upande mmoja, mwezi mwembamba wa mwanga uliorudishwa kwenye ukingo wa chini, na nukta moja nyeupe, nene kuliko rangi yoyote nyingine kwenye picha. Fanya lulu zote kijivu kwanza, kisha miezi yote, na nukta zote kwa kikao kimoja zikiwa upande uleule. Kwa dhahabu tumia amba, oka na nyeupe yenye oka, basi. Rangi ya dhahabu ya kopo iache kwenye kopo.

Kumaliza

Ukuta, kiti na nembo havitakusumbua ukifuata ngazi zilezile. Kitu kimoja tu cha kuangalia ni ukingo kati ya nywele na ukuta: ulainishe zote mbili zikiwa mbichi, kwa upana usiozidi unene wa shilingi, la sivyo kichwa kitaonekana kimebandikwa.

Vanishi ingoje miezi sita hadi mwaka. Matambara yaliyolowa mafuta ya kitani usiyakunje wala kuyarundika kwenye ndoo, kwani mafuta hayo yanapokauka hutoa joto na rundo linaweza kuwaka lenyewe usiku bila kiberiti; yaloweke kwenye maji, kisha uyatandaze nje moja moja.

Picha ya asili ina jina la Ingres na mwaka 1853. Wewe usiyanakili hayo. Geuza kanvasi na uandike mgongoni kwa mwandiko unaosomeka kwamba hii ni nakala, ya picha ipi, jina lako na mwaka ulioimaliza.